Kisanduku cha Maombi

Saa nne ya asubuhi ikifika, miguu yake ilikuwa imeshaanza kulalamika, na zamu ilikuwa haiishi mpaka saa kumi.

Hospitali nzima ilimwita Breki. Jina hilo hakulipenda wala hakulichukia, alilizoea kama mtu anavyozoea kovu. Kazi yake ilikuwa kusukuma machela ya magurudumu, kumtoa mgonjwa wodini na kumfikisha mlango wa chumba cha upasuaji, kisha kurudi kumchukua mwingine. Lifti ilikufa zamani, hata waliokuwa wakiahidi kuitengeneza walishastaafu, kwa hiyo kila mgonjwa alishushwa kwa njia ya mteremko iliyozunguka jengo. Katika mteremko ule uzito wote unamwangukia aliye mbele. Aliye mbele alikuwa Breki, anashuka kinyumenyume, visigino vikikamata sakafu.

Nyuma alikuwa mwenzake wa zamu, mwembamba, mwenye haraka, aliyeitwa Kasi. Wauguzi walikuwa na utani wao juu ya hao wawili. Walisema ukiwapata pamoja utafika salama, ila ukimpata Kasi peke yake uandike wosia kabisa.

Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Viatu vya nje havikuruhusiwa kuuvuka. Msukuma machela akifika hapo anakanyaga breki, anagonga mara mbili, kisha anasubiri watu wa ndani waje na machela yao na viatu vyao vya mpira vilivyooshwa, mgonjwa ahamishwe. Kusubiri huko kulikuwa bahati nasibu. Siku nyingine dakika moja, siku nyingine robo saa, na muda huo wote mgonjwa amelala chali anatazama dari, mikono imeshikana juu ya shuka, hana la kusema.

Ni hapo Breki alipoanzia. Hakukaa akapanga. Miaka kumi na minne nyuma alimleta kijana mmoja fundi wa paa aliyeanguka, na kijana yule alikuwa anatetemeka mpaka machela inalia. Breki hakuwa mtu wa maneno. Kanisani kwake alikaa benchi la nyuma, na wakiomba mtu asimame kutoa neno alikuwa anainama kufunga kamba za viatu. Basi siku ile akashika chuma cha machela, akamwombea kijana yule kimoyomoyo, macho yake wazi, midomo imefungwa. Kisha mlango ukafunguliwa. Toka siku ile akawa anafanya hivyo kwa kila mmoja. Hakumwambia mtu. Mgonjwa mmoja mmoja alimgundua, akamuuliza, "Unafanya nini, baba?" naye akajibu kwa aibu, "Nakuombea kidogo, kama hutajali." Aliyejali alisema, na Breki akaacha. Wengi walinyamaza tu, au walisema asante.

Kasi alikuwa na dini yake na saa zake. Saa ikifika alikuwa anaingia stoo ya shuka, anatandika mkeka wake mdogo nyuma ya rafu ya mablanketi, na Breki anabaki mlangoni kuangalia machela. Hawakuwahi kubishana juu ya jambo hilo hata siku moja.

"Yangu yana ratiba kama treni," Kasi alikuwa akisema. "Ya kwako wewe hayana saa wala kituo."

"Yangu ni ya mtu aliyechoka," Breki alikuwa akijibu.

Mambo yakakaa hivyo, mpaka akaja matroni mpya, na baada ya matroni wakaja wageni.

Walikuwa wageni wa kukagua, wenye beji shingoni. Walipita kwenye ujia wakamkuta Breki amesimama kwenye mstari, kichwa kimeinama, na bibi mmoja kwenye machela amemshika kidole. Mgeni mmoja akauliza kuna nini, bibi akaeleza kwa sauti ya ujia mzima. Wageni waliguswa. Waliandika barua ya kusifu, na barua ikaingia katika taarifa ya mwaka. Matroni alimwita Breki ofisini, akampa kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Hiki unachokifanya ni kitu kizuri," alisema. "Nataka wote wakifanye."

Breki alitazama viatu vyake. Alitaka kusema kwamba kitu chenyewe ni kidogo, hakibebi watu wengi. Akasema, "Haya, mama."

Baadaye alijilaumu sana kwa hiyo "haya" yake.

Baada ya wiki mbili kadi ilibandikwa ukutani, juu ya mstari mwekundu, imefunikwa plastiki. Ilikuwa na maombi ya mistari sita, yaliyotungwa ofisini ili yasimkwaze mtu wa dini yoyote. Msukuma machela alitakiwa kuyasoma kwa sauti. Na kwenye fomu inayokwenda na kila mgonjwa, ile yenye visanduku vya kuweka tiki, kwamba jina limehakikishwa, vito vimevuliwa, meno ya bandia yametolewa, karatasi ya kukubali upasuaji imesainiwa, kikaongezwa kisanduku cha mwisho kabisa. Kiliandikwa: Ameombewa.

"Sasa tumekuwa makasisi," Kasi alisema alipoiona. "Mshahara wa kasisi nao unakuja?"

Kasi aliisoma kadi siku moja, ya pili akakataa. Alisema hajui maneno yale yanaelekezwa kwa nani. Kusoma kukabaki kwa Breki, na tiki pia.

Alisoma. Siku za mwanzo alisoma akijitahidi yatoke moyoni. Mwezi wa pili alikuwa anasoma kama mtu anayetangaza gari lililochelewa. Wagonjwa nao walibadilika. Zamani mtu aliyekuwa hataki alisema, lakini sasa kadi iko ukutani na muhuri wa hospitali chini yake, na mtu aliyevaa gauni lililo wazi mgongoni, ambaye dakika mbili zijazo atachanwa na watu hao hao, anapata wapi ujasiri wa kusema hapana? Walisema amina kabla hajamaliza. Mmoja alimuuliza kwa woga, "Na nisiposema, hawaniingizi?"

Jioni mke wake alikuwa akimwekea maji ya moto kwenye beseni, na chumvi. Watoto wao wanne walishaondoka kila mtu na maisha yake, nyumba ilikuwa na wao wawili na redio. Jioni moja mke wake akamuuliza, huku anakunja nguo, "Leo mmeshusha wangapi?"

"Tisa."

"Wote umewaombea?"

"Wote nimewawekea tiki."

Mke akaacha kukunja. "Baba wewe, mimi sikukuuliza habari ya tiki."

Breki alizungusha vidole vya miguu ndani ya maji. Kitu ambacho hakumwambia ni kwamba hata hapa nyumbani, akiinama pembeni mwa kitanda kabla ya kulala kama alivyozoea tangu ujana, mistari ile sita ndiyo iliyokuwa inamjia kichwani, na baada yake hakuna kitu. Ilikuwa kama kufungua bomba likatoa upepo.

Jumatatu moja wakatumwa wodi ya wanaume kumchukua mwalimu mstaafu mwenye uvimbe wa shingo. Uvimbe ulikuwa umembana koo, sauti yake ilikuwa inatoka ikikwaruza. Alikuwa mzee mwenye miguu mirefu iliyopita mwisho wa machela, na alijitandikia shuka mwenyewe vizuri kama kitanda cha bweni.

"Vijana, mko tayari?" aliuliza.

"Tumeitwa vijana," Kasi alimwambia Breki. "Leo sukuma vizuri."

Walishuka mteremko. Breki mbele, kinyumenyume, magoti yakimwambia habari za umri wake. Walipofika kwenye mstari akakanyaga breki ya machela, akagonga mara mbili, kisha akageukia ukuta wenye kadi.

"Baba, hapa huwa tunasoma maombi mafupi. Ni ya watu wote."

"Ya watu wote," Mwalimu alisema. "Mimi nami nimo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani aliniuliza?"

Kasi alicheka huko nyuma, akajifanya anakohoa.

"Msinielewe vibaya," Mwalimu akaendelea. "Nimeshaomba tangu alfajiri, kwa namna yetu. Sisi tuko wachache. Nyumba yetu ya ibada mnaweza kuipita kila siku mkadhani ni ghala. Na sisi hatuombewi kwa maneno ya kusoma, ndivyo tulivyolelewa. Nilipokuwa mtoto shuleni kulikuwa na maombi ya asubuhi, nayo yalikuwa ya watu wote. Mimi sikufumba macho. Nikachapwa kila Jumatatu, muhula mzima."

"Kwa nini Jumatatu tu?" Kasi aliuliza.

"Siku nyingine walimu wa zamu walikuwa wavivu."

Walicheka wote watatu, Mwalimu akiwa ameshika shingo. Breki akaiacha kadi. Akatoa kalamu, akashika fomu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kisanduku cha mwisho kama ulivyokuwa ukienda kwa miezi mitano.

"Unaandika nini hapo?"

"Fomu tu, baba."

"Nisomee."

Breki alisita. "Ameombewa," akasoma.

"Nimeombewa?"

"Hapana. Hujaombewa."

"Basi usiandike." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemsahihishia mtoto hesabu. "Mimi naweza kuingia humo nisitoke. Karatasi hiyo ndiyo itakayobaki. Wanangu wataisoma, na watu wetu wataisoma, waone mzee mwisho wa safari alikubali. Miaka sabini na moja sikukubali, nije nikubali nikiwa nimevaa gauni?"

Breki alirudisha kalamu mfukoni.

Muuguzi aliyepokea wagonjwa mlangoni pale aliitwa Kitasa. Kitasa hakuwa mtu mbaya. Mwezi uliopita alipewa onyo kwa sababu mgonjwa aliingia na meno ya bandia yasiyoandikwa, na tangu hapo aliipitia kila fomu kwa kidole, kisanduku baada ya kisanduku. Kidole kilifika chini, kikasimama.

"Hiki kitupu."

"Hakutaka," Breki alisema.

"Mimi sijui alitaka au hakutaka. Fomu yenye kisanduku kitupu siipokei. Weka tiki aingie."

Breki alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama dari.

"Siwezi kuweka," Breki alisema.

"Basi mrudishe wodini. Kuna mtu mwingine nyuma yenu."

Wakampandisha. Kupandisha machela ni kazi kuliko kuiteremsha, na kumpandisha mtu ambaye hajafanyiwa lolote ni nzito zaidi, hata Kasi hakuwa na mzaha. Katikati ya mteremko Mwalimu alisema, "Poleni. Sikujua nitawapa kazi ya mara mbili." Tangu jana jioni alikuwa hajatia hata maji mdomoni.

Wodini walimkuta binti yake amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Alipoelezwa, alimfuata Breki mpaka kwenye ujia.

"Mzee, si ungeweka tu hiyo alama? Nani angekuangalia?"

"Baba yako aliniambia nisiweke."

"Baba yangu hapumui vizuri usiku. Mimi ndiye ninayemsikiliza, si wewe." Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Sasa wanasema mpaka Alhamisi."

Breki alirudi mteremkoni. Siku nzima iliyobaki alisukuma machela akiisikia sauti ile ya binti. Aliona kuna watu wawili wamemwambia kweli siku moja, na kweli hizo mbili haziingii mlango mmoja.

Jumatano alikwenda ofisini kwa matroni bila kuitwa. Mezani kulikuwa na mafaili yamelaliana, na ndoo pembeni ikipokea matone ya dari.

"Mama, naomba kesho nisimwekee tiki yule mwalimu, na aingie."

Matroni alivua miwani, akabana macho yake kwa vidole viwili. Alionekana hajala. "Kitu hiki ni wewe uliyekianzisha."

"Nilianzisha kusimama, mama. Fomu sikuianzisha."

"Unajua mama yangu alipita mlango kama ule? Hospitali nyingine, miaka mingi. Nilikuwa nimesimama nje. Waliomsukuma walikuwa wanazungumza habari za mpira juu ya kichwa chake. Mpira, mpaka mlango unafungwa. Nilipokuona wewe nikasema, hapa kwangu haitatokea."

Breki hakulijua jambo hilo, nalo lilimgusa.

"Pole, mama," alisema. "Lakini wewe uliniona naomba, ukadhani ni kazi. Ingekuwa kazi nisingeifanya miaka yote ile. Tangu iwekwe kwenye fomu, mimi mwenyewe siwezi tena. Nasoma tu."

"Huwezi nini?"

"Kuomba."

Tone lilianguka kwenye ndoo, na lingine. Kisha matroni akavaa miwani.

"Sikiliza. Makao makuu wanasubiri hesabu ya visanduku hivyo kila mwezi. Siwezi kuwaambia mmoja ana tiki, mwingine hana, kwa sababu msukuma machela wangu hajisikii. Kesho uweke. Kama huwezi, chumba cha kufulia shuka wanahitaji mtu tangu mwezi jana."

Breki alielewa. Kufulia ni kusimama kwenye maji siku nzima, na kubeba mablanketi yaliyolowa, mazito kama watu. Miguu yake isingefika mwisho wa mwaka, na kustaafu kulikuwa miaka miwili mbele. Akasema, "Nimekusikia, mama." Safari hii hakusema "haya".

Alhamisi, saa tatu na nusu, walikuwa tena kwenye mstari mwekundu. Mwalimu hakuwaita vijana. Kupumua kwake kulikuwa kunasikika kama msumeno mdogo. Breki alikanyaga breki ya machela, Kasi akagonga.

"Weka tu," Mwalimu alisema, macho yamefumbwa.

"Unasemaje, baba?"

"Hiyo alama yako. Weka. Binti yangu amelia siku tatu. Nimechoka."

Hapo ndipo Breki alipopatwa na uzito kuliko mteremko wote. Ruhusa alikuwa nayo. Matroni kaagiza, binti kaomba, na sasa mwenyewe kasema. Lakini aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya wale waliokuwa wanasema amina kabla hajamaliza kusoma. Aliisikia miezi mitano akaiita kukubali.

Alishika fomu juu ya chuma cha machela. Hakusoma kadi. Na ule mdomo wa ndani, ambao zamani ulikuwa unaanza wenyewe mtu akiwa amelala mbele yake, aliuzuia pia, kwa kuwa mzee alisema watu wake hawaombewi hivyo. Alihesabu mabomba ya darini, akafika saba. Kisha akaandika ndani ya kisanduku kile kidogo, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba, na herufi zikatoka nje ya mistari: HAKUTAKA. Akaweka sahihi yake pembeni.

"Umeweka?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeandika ulivyosema Jumatatu."

Mwalimu alifumbua jicho moja, akalifumba. "Utafukuzwa, kijana."

"Nitapelekwa kufulia."

Mlango ukafunguliwa. Kidole cha Kitasa kikaanza safari yake: jina, vito, meno, sahihi. Kikafika chini.

"Hiki nini?"

"Ndiyo hali halisi," Breki alisema.

"Tiki iko wapi?"

"Haipo."

"Dada," Kasi alidakia kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake, "uliagizwa kiwe na tiki, au uliagizwa kisiwe kitupu?"

Kitasa alitazama kisanduku, akamtazama Kasi, akasikiliza ile pumzi ya msumeno. Alikuwa na wagonjwa wengine sita kwenye orodha.

"Niliagizwa kisiwe kitupu," alisema. Akavuta machela ya ndani.

Mwalimu alikaa humo muda wa saa tatu. Alitoka na bandeji shingoni, akalala, akaamka, na baada ya siku tano binti yake akamchukua. Siku ya kuondoka binti alimkuta Breki kufulia, kwa kuwa alikuwa ameshahamishwa. Alisimama mlangoni penye mvuke, akasema, "Baba anakusalimu." Alibaki kidogo kama anayetafuta neno lingine, kisha akaondoka.

Kufulia Breki alikaa wiki tano. Jioni mke wake alikuwa anabadilisha maji ya beseni mara mbili.

"Ulishindwa nini kuweka tiki?" alimuuliza usiku wa kwanza, kisha akajibu mwenyewe, "Ah, basi. Ungeweka ningekuona wa ajabu." Akamwongezea chumvi.

Habari za mstarini alikuwa anazipata kwa Kasi, wakati wa kula. Kasi alikuwa amegundua kwamba kisanduku kinapokea maneno. Kwa mgonjwa mmoja Kasi aliandika: Ameomba mwenyewe, nimemsikia. Mwingine: Amelala. Mwingine: Kasema kwanza atoke mzima. Wasukuma machela wa zamu nyingine walipoona wakaanza nao, na mmoja aliandika habari ndefu mpaka ikazunguka nyuma ya karatasi. Mwisho wa mwezi karani alipoketi kuhesabu tiki ili azipeleke makao makuu, alikuta hadithi. Alizipeleka kwa matroni akaweka mezani, akaomba likizo.

"Matroni kasema nini?" Breki aliuliza.

"Hakusema. Nasikia alizisoma zote, moja moja, kafunga mlango."

Fomu zilizofuata zilipochapwa, kisanduku hakikuwepo. Kadi ilibanduliwa, ikaacha gundi ukutani. Hakuna aliyetangaza lolote. Wiki ile ile mtu aliyewekwa badala ya Breki aliiachia machela kwenye mteremko. Kwa bahati ilikuwa tupu, ikaenda kugonga mlango wa famasi, na Jumatatu Breki akaitwa arudi. Matroni alikutana naye kwenye ujia, akasimama.

"Miguu vipi?"

"Inakwenda, mama."

"Haya," matroni alisema, akapita.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mmoja mwuza nyanya, mnene, anayefanyiwa upasuaji wa tumbo. Miguu ya Breki ilikuwa imevimba kwa wiki tano za maji, mteremko ulimtoa jasho. Kwenye mstari akakanyaga breki, akagonga mara mbili, akashika chuma. Sasa hapakuwa na kadi wala fomu ya kumsemesha. Akainamisha kichwa kama zamani.

Hakikuja kitu. Alisubiri. Ikaja mistari ile sita ya ofisini, akaifukuza, pakabaki patupu.

"Baba," mama yule alisema, "wamenambia wodini kuna mmoja huwa anaombea watu hapa. Ni wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Basi niombee."

Breki alifungua mdomo, akaufunga. Angeweza kusema maneno, maneno yalikuwepo. "Mama, sitaki nikudanganye," alisema. "Siku hizi sina. Naomba halafu neno haliji. Lakini nipo hapa mpaka wafungue."

Mama yule alimtazama kutoka chini, kwa makini, kama anayemkagua mteja anayedai hana chenji. Wala hakuonekana kukasirika.

"Ah," alisema. "Basi naanza mimi."

Akaanza, kwa sauti, macho wazi, bila mpangilio wowote. Aliombea tumbo lake. Aliwaombea madaktari wasishikwe na usingizi. Aliiombea meza yake ya nyanya, ambayo ameachiwa jirani asiyejua kupanga mafungu. Alimwombea jirani. Alifika kwa mkwewe, akasita, akamwombea naye kwa kifupi. Kasi alikuwa amesogea hatua mbili akasimama kwa heshima, mikono nyuma. Mlango ulifunguliwa, Kitasa akatokea, akaona, akabaki ameshika mpini.

"Na huyu baba," mama akasema, "miguu yake. Unaiona mwenyewe. Basi, nimemaliza."

Walimhamisha. Mlango ukafungwa. Breki alibaki ameshika machela tupu, na amina, ambayo ilipaswa kutoka mapema, ndipo ikamtoka, ndogo, ya kukauka.

"Wodi ya tatu wanatusubiri," Kasi alisema.

"Nipe dakika."

Kasi alitazama saa yake, akaegemea ukuta, akampa.